Vitanda Viwili, Ndoa Moja

Kuna wanandoa wanaishi Kisarawe, si mbali na Dar es Salaam. Wana eneo lao na wanalilinda wote wawili. Mwanamke mwingine akijipitisha, mke ndiye anayemtimua. Mwanaume mwingine akichungulia, mume ndiye anayemalizana naye. Lakini usiku ukiingia, kila mmoja analala kitanda chake. Hata mchana hawaonekani pamoja sana. Ukiwafuatilia kutwa nzima utawakuta wameandamana kwa kipande kidogo tu cha siku. Na hawaachani. Kwa kawaida ni kifo ndicho kinachowatenganisha, na hapo aliyebaki hupata mwenzi mwingine.

Kabla hujampigia shosti wako simu kumuuliza ni kina nani hao, ngoja nikwambie. Wana uzito wa kama nusu kilo, wana mkia kama wa panya, na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Mbele wana rangi ya kahawia inayoelekea chungwa, nyuma ni weusi ti. Mnyama huyo anaitwa sengi, wengine humwita sange. Yupo kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na mimi nisingemjua kabisa kama nisingeolewa na mwalimu wa baiolojia.

Mume wa wikiendi

Mimi nafanya kazi Posta, katikati ya jiji, kwenye ofisi ya bima. Mume wangu anafundisha sekondari Mzenga. Kama hupajui, ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Kwa barabara unaweza kwenda na ile ya Morogoro hadi Mlandizi, halafu unaiacha lami na kushika njia ya Mzenga na Maneromango. Kiangazi unakula vumbi, masika unasukuma gari. Kwenye ramani ni pua na mdomo na Dar, lakini ukiwa njiani unaweza kudhani unahama nchi.

Tumeoana mwaka wa nne sasa, na mitatu kati ya hiyo tumeishi hivi: yeye huko, mimi huku, Ijumaa jioni mmoja anamfuata mwenzake. Kama na wewe ndoa yako ni ya namna hiyo, maneno unayajua. Ofisini wananiuliza kama huyo mwanaume yupo kweli au nimemtunga. Wifi yangu anataka kujua nani anampikia kaka yake. Mama yangu mzazi hakuzunguka: "Mwanangu, mume haishi kwenye simu."

Mwaka huu likaja jambo la kutuumiza kichwa. Kampuni moja ya kusambaza dawa ilimtaka awe mtu wao wa mauzo hapa Dar. Mshahara karibu mara mbili ya ule wa ualimu, gari la kazi, na kila siku jioni yuko nyumbani. Jibu wanalitaka ndani ya mwezi mmoja. Mimi jibu langu lilikuwa tayari kabla hajamaliza kunisimulia. Yeye akaomba kitu kimoja: kabla hatujaamua, nifuatane naye na wanafunzi wake wa kidato cha nne kwenda Kazimzumbwi, Jumamosi moja tu.

Nikauliza kuna nini huko. Akasema, "Kuna wanandoa kama sisi."

Gedi, miaka ya 1970

Habari za ndoa ya sengi zilianza kufuatiliwa kwa makini hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Miaka ya 1970 mwanasayansi Mmarekani, Galen Rathbun, alijikita Kenya kuwachunguza wanyama hawa, na sehemu aliyofanyia kazi kubwa ni kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ule mji wa kale wa Waswahili uliomezwa na msitu. Sengi wa kule ni ndugu wa karibu wa huyu wa kwetu, ila yeye ana makalio ya rangi ya dhahabu, utadhani amekalia rangi mbichi. Rathbun aliyachapisha matokeo yake mwaka 1979. Alikuta dume na jike wanashirikiana eneo moja, mipaka yao inalingana karibu kabisa, lakini kila mmoja anatafuta chakula chake na kulala peke yake. Kitanda chenyewe ni shimo dogo lililochimbwa ardhini na kufunikwa kwa rundo la majani makavu. Ukipita unadhani ni takataka za upepo. Na kila sengi ana vitanda kadhaa, anahamahama ili adui asimzoee.

Sasa swali ambalo sisi wa magazeti haya tungeuliza kwanza: kama hawalali pamoja na hawali pamoja, kinachowafunga ni nini?

Aliyelifanyia kazi swali hilo ni mtafiti mwingine, Clare FitzGibbon, kwa sengi wale wale wa pwani ya Kenya, na matokeo yake yalitoka mwaka 1997. Kwa kifupi ni hesabu. Jike anahitaji eneo kubwa la kumpatia wadudu wa kutosha, na hamtaki jike mwenzake humo. Kwa hiyo majike wametawanyika. Dume akitaka wawili inabidi alinde maeneo mawili, na huku anakimbilia kule, dume jirani ameshaingia. Anajikuta hana hata mmoja. Bora abaki na mmoja na amlinde vizuri, hasa siku zile jike anapokuwa tayari kupandwa. Siku hizo dume hamwachi nyuma hata hatua.

Yaani, wapenzi wasomaji, si mahaba wala si kiapo. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Cambridge, Dieter Lukas na Tim Clutton-Brock, walichambua habari za aina zaidi ya 2,500 za wanyama wanaonyonyesha na kukuta kwamba wanaoishi mume mmoja mke mmoja ni kama asilimia 9 tu. Maelezo waliyoyatoa yalifanana na ya sengi: majike wakiishi mmoja mmoja, mbalimbali, na dume akishindwa kuwalinda wengi, ndoa ya wawili huzaliwa hapo. Digidigi naye yumo kwenye hiyo asilimia 9.

Nilipomsimulia shosti wangu wa ofisini alishangilia. "Umeona? Hata wanyama wanalala mbalimbali!" Mama mkwe alipoisikia naye akachukua upande wake: hata mnyama hatoki kwenye eneo la mkewe. Mume wangu aliwacheka wote wawili. Kwanza, akasema, sengi dume ni baba wa hovyo. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati, anamficha kitandani na kumnyonyesha mwenyewe, na baba hana habari, kazi yake ni mipaka tu. Pili, kuna wakati dume huyo huyo mwaminifu hupenya kwa jirani kujaribu bahati. "Ukitaka kumfanya sengi mshenga wako," alisema, "itabidi umchukue na mambo yake yote." Kwake baiolojia inaeleza kitu kimekuwaje kikawa hivyo kilivyo. Mambo ya nani alale wapi tujadiliane wenyewe.

Ndugu yake nani?

Nilidhani safari ya Kazimzumbwi ni kwa ajili ya hiyo ndoa ya sengi. Kumbe kwa wanafunzi sengi alikuwa na kazi nyingine, nzito zaidi.

Wewe uliyesoma Tanzania utakumbuka. Mageuko tuliyakuta kidato cha kwanza, kwenye historia: picha ya viumbe watano wamepanga mstari, wa kwanza ameinama, wa mwisho amesimama na mkuki. Zinjanthropus, Oldupai, 1959, Leakey. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi mwenyewe nilimaliza shule nikiamini kwamba sayansi inasema nyani akikaa sana anakuwa mtu. Halafu mada inarudi kidato cha nne kwenye baiolojia, kwa Kiingereza, kwa mtoto ambaye nyumbani na barabarani anaongea Kiswahili. Anaandika maneno mazuri ubaoni na kichwani hamna kitu.

Mwaka wa kwanza mume wangu alianza somo hilo kwa binadamu, kama kitabu kinavyotaka. Wiki haikuisha akaja mzee mmoja shuleni, kanzu safi, salamu ndefu, kisha akauliza kwa upole sana kama ni kweli watoto wanafundishwa kwamba babu yao ni nyani. Mume wangu akamjibu kwamba hata sayansi haisemi hivyo. Nyani wa leo si babu wa mtu. Sayansi inasema sisi na wao tuna babu wa zamani sana aliyetangulia wote, kila upande ukashika njia yake. Na imani ya mtu hakuigusa darasani, wala hana mpango wa kuigusa. Mzee aliondoka kwa amani, lakini darasani masikio yalikuwa yameshafungwa. Ukitaja mtu, kila mwanafunzi anaanza kutetea dini yake kabla hajasikia hoja.

Ndipo akamgeukia sengi, kwa sababu hakuna dini iliyowahi kugombana kwa ajili ya sengi.

Anafanya hivi. Anabandika ubaoni picha sita: panya, sungura, sengi, tembo, nguva na pimbi. Anasema, nipangieni ndugu. Darasa zima, kila mwaka, linampeleka sengi kwa panya. Nguva wanampeleka kwa samaki, au kwa zile hadithi za pwani za mwanamke wa baharini. Pimbi anakwenda kwa sungura. Tembo anabaki peke yake, mkubwa asiye na jamaa.

Si watoto wa Mzenga tu. Hata wataalamu walihangaika naye. Mreno Barboza du Bocage alimpa huyu sengi wetu jina la kisayansi mwaka 1880, Rhynchocyon petersi, na kwa miaka mingi sengi wote walihesabiwa kundi moja na wale wanyama wadogo wala wadudu wanaofanana na panya. Baadaye wengine wakamsogeza kwa sungura. Miaka ya 1990 watafiti wakaacha kutazama sura, wakasoma vinasaba. Matokeo yaliwaacha watu midomo wazi: sengi, tembo, nguva, pimbi na muhanga ni ukoo mmoja. Mwaka 1998 ukoo huo ulipewa jina, Afrotheria, kwa sababu asili yake ni Afrika. Bara letu lilikaa kama kisiwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka, limezungukwa na maji, na humo babu mmoja mdogo akazaa koo zilizogawana kazi. Mmoja akawa mkubwa wa kung'oa miti, mwingine akaingia baharini kula majani, mwingine akachimba mashimo ya mchwa, na mwingine akabaki chini ya majani makavu anawinda sisimizi.

Hapo kuna mtego ambao mume wangu anaupenda kuliko yote. Wanafunzi wanaruka: ahaa, ndiyo maana ana mkonga! Hapana. Pua ya sengi na mkonga wa tembo havihusiani kabisa. Kila mmoja aliupata kwa njia yake, sengi kwa kufukua majani, tembo kwa kazi za tembo. Wazungu walimwita panya-tembo kwa kuangalia pua tu, zamani, bila kujua lolote. Undugu ukaja kuthibitishwa kweli, lakini ushahidi wake si pua. Binti mmoja wa mwaka jana aliuliza, "Sasa mwalimu, sura inadanganya?" Akamjibu kwamba sura inakuonyesha kazi, vinasaba vinakuonyesha ukoo. Ananiambia darasa lilinyamaza kwa muda, ukimya ule ambao mwalimu anaungoja mwaka mzima. Na baada ya hapo, alipowarudisha kwa binadamu, walikuwa tayari kuuliza maswali badala ya kujihami.

Asubuhi ya Kazimzumbwi

Tulifika mapema, wanafunzi kama ishirini, wasichana kwa wavulana. Siku hizi msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mume wangu aliwagawa vikundi vya watu wanne na kuwapa kazi ambayo mimi niliiona ya ajabu: tafuteni vitanda. Muongo mmoja uliopita angeambiwa ni mwendawazimu, kumpeleka mtoto msituni kutafuta marundo ya majani. Kikundi kimoja kilikuta matatu ndani ya saa moja. Waliyapima kwa rula, wakachora, hawakugusa.

Kuna kijana mmoja, mpole, anayekaa nyuma darasani. Huyu ndiye aliyekuwa profesa siku hiyo. Babu yake aliwahi kutega wanyama wadogo, na kijana anajua sengi anapita wapi, anakula saa ngapi, na kwamba akikuona hakimbii mara moja. Kwanza anapiga mkia kwenye majani makavu. Mume wangu akaongezea kwamba watafiti wanadhani ni ujumbe kwa adui: nimeshakuona, usijisumbue. Mchana huo nikamwona mtoto anayepata alama ishirini kwenye karatasi ya Kiingereza akimfundisha mwalimu wake, kwa Kiswahili, na mwalimu anaandika.

Sengi mwenyewe tulimwona sekunde tano, labda sita. Kitu cha chungwa kikatoka kwenye mizizi, pua inafanya kazi kama cherehani, kikasimama, pa pa pa, kikapotea. Hakuna aliyepiga picha. Simu zote zilikuwa mikononi na hakuna aliyekumbuka.

Wakati wa kupumzika, tukila mihogo ya kuchemsha, mume wangu aliwaambia habari ambayo hata mimi sikuwa nayo. Mwaka 2005, kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kamera za kutegesha zilimpiga picha sengi ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumwandika. Ana uso wa kijivu na uzito wa kama gramu 700, mkubwa kuliko sengi wote wanaojulikana. Francesco Rovero, Rathbun yule yule wa Gedi na wenzao walimtangaza rasmi mwaka 2008. Mnyama mzima, mwenye ukubwa wa paka mdogo, alikuwa Tanzania hii siku zote na sayansi haina habari. Kijana wa nyuma ya darasa akauliza kama ile kazi ya kumtafuta inalipwa. Akaambiwa inalipwa, na inasomewa zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale pale Mlimani. Akauliza alama zinazotakiwa. Nilimwona anaziandika kwenye kiganja.

Njiani kurudi tulipishana na pikipiki za mkaa zikielekea mjini, gunia mbili mbili. Sitajifanya mtakatifu, jikoni kwangu kuna gesi na kuna jiko la mkaa la maharage, kama kwako. Lakini sengi anahitaji majani makavu yaliyoanguka chini ya miti. Hakuna miti, hakuna majani. Hakuna majani, hakuna wadudu wala kitanda. Kwa mnyama aliyebadilika kidogo sana tangu wale ndugu zake ambao mabaki yao yalipatikana kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, ya karibu miaka milioni 20 iliyopita, kumalizwa na chungu cha maharage ni aibu yetu.

Tulichoamua

Usiku ule hatukulala mapema. Nilimuuliza moja kwa moja kama anakataa kazi ya mjini kwa ajili ya panya. Akasema si panya, nikasema najua si panya, tukacheka, halafu tukaongea kwa makini hadi saa nane. Hoja yangu haikubadilika: nimechoka kula peke yangu, na tunataka mtoto, na mimi si sengi wa kulea mwenyewe. Hoja yake ilikuwa darasa la mwaka huu. Akiondoka katikati ya mwaka, hana hakika nani atalichukua, na yule kijana wa nyuma ndiyo kwanza ameinua kichwa.

Tuliiomba kampuni ingoje mpaka mtihani wa Novemba uishe. Ikakataa. Basi akaikataa na yeye, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake wakati anapiga simu. Kwa upande wake ameandika barua ya kuomba uhamisho wa Kibaha kuanzia mwakani, ambako angeweza kwenda na kurudi. Isipokubaliwa hadi Juni, tutakaa chini upya na safari hiyo mshahara wa mjini utakuwa wa kwanza mezani. Tumeandika, tumeweka na tarehe. Mama bado hajaridhika, na sioni dalili.

Kama wewe na mwenzio mmechoka na ufukwe kila Jumapili, Kazimzumbwi ni jirani. Pitieni mji wa Kisarawe, lipeni getini, chukueni mtu wa kuwaongoza. Nendeni asubuhi, vaeni viatu vya kufunika, muziki uishie kwenye gari. Kaeni mahali pamoja kimya, hata nusu saa. Mkisikia majani yanapigwa pa pa pa, basi ameshawaona.